Nani alipata kiyamu?

MWANAKHAMIS: Asalaam alaykum. Hamad, mie nimeshuka na boti jana kutoka Pemba na mikono bado inanuka vitunguu.

HAMAD: Waalaykum salaam warahmatullah. Maulidi ya mama mdogo hayo.

MWANAKHAMIS: Ya mama mdogo, Wete. Wasikilizaji wa kipindi chetu mnamjua, yule anayenipa halua nimletee Hamad. Kila Mfungo Sita husomesha. Mwaka huu masufuria matatu ya pilau, tumeanza kuchambua mchele tangu alasiri. Wanaume barazani na mazulia yao, chetezo, mrashi, spika mbili. Sisi uwani. Na spika zote mbili zinatazama barabarani.

HAMAD: Hamsikii?

MWANAKHAMIS: Tunasikia mvumo. Barzanji, kitabu kinachosomwa kwenye maulidi, imefika penye kuzaliwa Mtume, nje watu wamesimama kwa heshima, ndicho kiyamu, sisi hatuna habari. Mtoto ndiye aliyekuja mbio: "Washasimama!" Nikainuka na mwiko mkononi. Bibi yangu alikuwa kiambazani na ungo wake mapajani. Tulipokaa tena akasema, polepole, kama anayeomba maji: "Mie hata sala ya Idi sijapata kuiswali, mwanangu."

HAMAD: Bibi? Ana miaka 81!

MWANAKHAMIS: Na hajapata kukosa kufunga, wala kuamka usiku wa sikukuu kukuna nazi. Wanaume wakitoka na kanzu, yeye yuko jikoni. Wakirudi, yeye yuko jikoni.

HAMAD: Subhanallah. Sasa, tulisema leo tuanze na asili ya maulidi, maana wapo ndugu zetu wanaosema ni bidaa, Mtume hakuyafanya wala masahaba. Na wapo kama Imamu Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, ambaye aliandika kuyatetea...

MWANAKHAMIS: Tutafika. Ngoja nimalize la buibui.

HAMAD: Buibui gani?

MWANAKHAMIS: Bibi na dada yake walipokuwa wasichana walikuwa na buibui moja. Moja, wawili. Yakisomwa maulidi mtaa wa pili, mmoja anatangulia, anakaa nusu, anarudi mbio nyumbani, analivua mlangoni, mwenzake analivaa lingali na joto, anakwenda nusu iliyobaki.

HAMAD: Basi nani alipata kiyamu?

MWANAKHAMIS: Ndilo nililomuuliza! Akacheka tu, akaendelea kupepeta.

HAMAD: Lakini Barzanji kiyamu hakiko mwisho. Anayetangulia ndiye anayekipata.

MWANAKHAMIS: Inategemea wameanza saa ngapi na mbio za dada.

HAMAD: Na wa pili ndiye anayekuta chakula.

MWANAKHAMIS: Wanawake wa uwani hawakuti chakula, Hamad, wanakipika. Nisikilize. Nilipokuwa narudi kwenye boti nikaikumbuka hadithi ya Ummu Atiyya, sahaba wa kike, iko katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Anasema Mtume aliwaamrisha wawatoe wanawake siku ya Idi mbili, wasichana na wa ndani, hata wenye hedhi, hao wajitenge na sala lakini wahudhurie kheri na dua ya Waislamu. Akaulizwa: je, asiye na jilbabu, vazi la kujifunika? Akasema dada yake amvishe katika lake. Nyumba yetu walikuwa wakiazimana buibui bila hata kujua kwamba jambo hilo limo katika hadithi. Ila waliazimana kwa maulidi. Kwa Idi hakuna aliyewaambia tokeni.

HAMAD: Hadithi sahihi, sina neno. Lakini yapo mengine. Mtume kasema msiwazuie wanawake misikiti, na katika riwaya ya Abu Dawud imeongezwa: na nyumba zao ni bora kwao. Na Bibi Aisha alisema Mtume angaliona waliyoyazua wanawake baada yake, angaliwazuia misikiti.

MWANAKHAMIS: Angaliwazuia. Hakuwazuia.

HAMAD: Na sisi ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi. Wanazuoni wetu wamefafanua: wazee watoke, kijana mwenye mapambo abaki.

MWANAKHAMIS: Vizuri. Bibi ana miaka 81. Ni kifungu gani kilichomweka jikoni?

HAMAD: ...Hakuna aliyemzuia, Mwana.

MWANAKHAMIS: Na hakuna aliyempeleka.

HAMAD: Mie ninachosema ni utaratibu. Viwanja vyenye nafasi ya wanawake vipo, wanaswali, alhamdulillahi. Mtaani kwetu uwanja una mlango mmoja, msukumano, pikipiki. Kwanza tutenge mahali, njia yao, pazia, kisha tuwaite. Ukiwaita kabla umewaweka katika fitina.

MWANAKHAMIS: Ukisubiri mahali patengwe, nani atapatenga? Wanaokaa kwenye kamati wote ni wale waliokwishapata nafasi. Waitwe, waje, mahali patapatikana kwa sababu wamesimama pale.

HAMAD: Hapana. Hilo sikubali. Heshima ya mama yangu siiwekei majaribio.

MWANAKHAMIS: Na mie sikubali kuwa heshima yake ni kumfanya asubiri miaka 81.

HAMAD: Hatutaelewana hapa.

MWANAKHAMIS: Leo hatutaelewana.

HAMAD: Zimebaki dakika mbili, fundi ananionyesha kidole. Hatujagusa mirathi, hatujagusa wale wasichana wawili walioimba na dufu nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akawakemea...

MWANAKHAMIS: Na Mtume akamwambia awaache, kila watu wana Idi yao. Hilo lilitaka kipindi kizima. Karatasi yangu ina mambo matatu, sijafika hata la kwanza.

HAMAD: Buibui limeyafunika yote. Bibi, nasikia unatusikiliza kwenye simu ya mjukuu. Tuambie, nani alipata kiyamu?

MWANAKHAMIS: Atasema dada yake.

HAMAD: Unajuaje?

MWANAKHAMIS: Mtoto alipoingia mbio kusema washasimama, sisi wote tulikuwa tunatafuta pa kuweka vyombo. Bibi alikuwa keshasimama, ungo umemwagika miguuni.