Nyumbu, ng'ombe na shamba la maharage: nani anafaidi ardhi ya Simanjiro?

KAKA: Haya karibuni tena jamani, mkisikia mngurumo huko nyuma ni jenereta ya jirani, umeme umekatika tangu saa nane, tuvumiliane tu. Dada yangu, leo ulisema una hasira.

DADA: Sina hasira bana, nimechoka tu. Kila tukigusa wanyamapori mtu anakuja na ile hotuba ya "tutunze mazingira kwa vizazi vijavyo", mimi leo nataka tuongee hela. Kijiji kina uwanda wake, nyumbu anakula nyasi, tembo anapita, simba anaondoka na ndama, haya, mwenye ardhi anabaki na nini?

KAKA: Hapo sasa. Ngoja nikupeleke nyumbani kwetu Simanjiro, manake watu wengi wakisikia Tarangire wanadhani wanyama wanakaa mle mle hifadhini mwaka mzima. Hawakai. Kiangazi wapo kwa sababu ya mto, mvua zikianza tu nyumbu na pundamilia wanatoka wanakuja kwetu kwenye uwanda, ardhi ya vijiji, hakuna geti wala nini, na wanazalia huko huko.

DADA: Kwa nini wasizalie ndani ambako wanalindwa?

KAKA: Nyasi. Za uwandani ni fupi lakini zina madini, fosforasi hasa, na jike anayenyonyesha anahitaji hiyo kitu kuliko ulinzi. Kwa hiyo hifadhi yote ile inategemea ardhi ambayo siyo ya hifadhi. Wewe ukilima uwanda ule, Tarangire inabaki na wanyama wenye njaa, na hili siyo la kufikirika, maana huko Lolkisale na pande zetu mashamba makubwa ya maharage yalishaingia tangu miaka ya themanini na nyumbu wamepungua vibaya sana.

DADA: Lakini maharage yanalipa.

KAKA: Yanalipa kwa muda. Mzee wetu mmoja kwenye ukoo alimkodishia mtu eka 40, jamaa akaja na trekta, akalima misimu mitatu, mvua ikagoma akaondoka zake. Ukienda leo pale hakuna nyasi aisee, ni magugu ambayo hata mbuzi anayanusa anapita, na mzee anaswaga ng'ombe wake kilomita kadhaa kutafuta malisho huku anaiona ardhi yake hiyo hapo. Hela ya kukodisha ilishaisha, alinunulia pikipiki, na pikipiki yenyewe ilishakufa.

DADA: Pole yake jamani. Haya, sasa kile kijiji cha Terrat walifanyaje? Uliniambia nje ya maiki.

KAKA: Terrat ilikuwa katikati ya miaka ya 2000. Kampuni kadhaa za utalii zilichangishana, zikakubaliana na kijiji kwamba kila mwaka zinalipa kijiji pesa, na sharti ni hivi: kwenye ule uwanda hamlimi, hamjengi makazi ya kudumu, hamchomi mkaa. Kuchunga ruksa kabisa. Wazee walielewa haraka kwa sababu walikuwa wanalipwa kuendelea na kazi yao ileile, na vijana wengine wakapata ajira ya kulinda eneo.

DADA: Hapo ndipo nilipopenda, mfugaji hakufukuzwa. Manake zile nyingine unaambiwa hifadhi ya jamii, halafu unashangaa ng'ombe wa jamii hawaruhusiwi.

KAKA: Na kingine, ardhi ya kijiji kisheria, ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kwa hiyo pesa inaingia kijijini, inakwenda kwenye shule, kwenye kisima, siyo mfukoni kwa mtu. Wenzetu Mara kule Kenya ni tofauti, wao ranchi ziligawanywa kila mtu ana hati yake, hivyo hifadhi kama Olare Orok ya mwaka 2006, siku hizi inaitwa Olare Motorogi, au Naboisho zinamlipa mwenye shamba mmoja mmoja kodi ya ardhi yake.

DADA: Kwa hiyo Mkenya anaiona hela kwa macho.

KAKA: Anaiona, ila na yeye akigawiwa kipande chake anaweza kukizungushia fensi, na Mara fensi zimejaa. Halafu 2020 watalii walipokata, kodi nazo zikayumba. Mimi hilo ndilo linaninyima usingizi, ukitegemea mzungu apande ndege ndiyo nyasi zako ziwe na thamani, siku ndege zikilala na wewe umelala.

DADA: Kwa hiyo jibu lako nini?

KAKA: Nyasi zimfae ng'ombe kwanza, ya mtalii iwe nyongeza. Sisi tuna kitu kinaitwa alalili, sehemu ya malisho inafungwa msimu wa mvua, hakuna kuingiza mifugo, inafunguliwa kiangazi kwa ndama na wagonjwa. Ni ya zamani sana hiyo, ikitiwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na sheria ndogo inakuwa na meno.

DADA: Na nyumbu hawaimalizi hiyo alalili?

KAKA: Nyumbu tunawakimbia sisi! Hujawahi kusikia ugonjwa wa nyumbu? Nyumbu akishazaa, yule mtoto anatoa virusi kwenye makamasi na machozi, yeye mwenyewe haumwi, ila ng'ombe akilisha pale pale amekwisha. Nimemwona ng'ombe wa baba, macho yalianza kuwa meupe kama yamemwagiwa maziwa, pua imeganda uchafu, kwa siku chache tu akafa na hakuna dawa. Ndiyo maana nyumbu wakianza kuzaa tunahamisha ng'ombe kwenda kwenye nyasi mbaya, uwanda mzuri tunawaachia. Sasa hiyo gharama nani anailipa? Kuna kifuta jasho cha serikali kwa mazao na mifugo, kifuta machozi mtu akiuawa au akijeruhiwa, lakini ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa wa nyumbu hutamwona kwenye fomu.

DADA: Aisee. Na simba je?

KAKA: Simba tumempatia ufumbuzi. Boma la zamani ni miiba ya kukata, inakauka, mchwa wanakula, kila baada ya miezi unakata tena miti, mpaka karibu na boma panabaki jangwa. Siku hizi watu wanachukua matawi ya mti tunaouita osilalei, marefu kuliko mtu, unayachomeka kwenye udongo karibu karibu, yanachipua yenyewe, katikati unafunga wavu wa chuma. Miaka inavyokwenda ukuta unanenepa badala ya kuoza. Usiku simba anazunguka, unaziona nyayo asubuhi, ng'ombe wako wamelala salama na hakuna kijana anayebeba mkuki kwenda kulipiza.

DADA: Hiyo nimeipenda, simba kapona kwa sababu ng'ombe kapona. Haya tumalizie na voisi noti ya msikilizaji, yuko upande wa Makuyuni, ana eka 60, tembo wanapita, anauliza azungushie waya zote?

KAKA: Zote? Apime bei ya nguzo kwanza halafu akae chini. Tembo akiamua anaipita, na pundamilia atanasa humo. Mimi ningezungushia boma na kile kipande kidogo cha mahindi tu, hata kwa mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya mmoja, tembo akigusa waya mizinga inatikisika, na nyuki tembo anawaogopa kweli. Zilizobaki aache nyasi, sehemu afunge wakati wa mvua.

DADA: Anasema pia kuna korongo linakula shamba kila mwaka.

KAKA: Hilo asianzie chini kwenye korongo, aanzie juu maji yanakotokea. Achimbe vimakingamaji vyenye umbo la nusu mwezi, upande ulio wazi uangalie juu ya mteremko, arushie mbegu za nyasi, na visiki vilivyokatwa avipogolee tu, abakize machipukizi machache yenye nguvu kama wanavyofanya kisiki hai kule Dodoma, hana haja ya kununua miche.

DADA: Atutumie picha basi, ila aipige mvua ikiwa inanyesha, tuone maji yanaingilia wapi.