Kifyatulio Kizito au Kifyatulio Kinachokwaruza?

Mabibi na mabwana, jambo hili nimelisema mara nyingi hata baadhi yenu mnaweza kulisema badala yangu, lakini kwa kuwa bado kuna watu wanaosogeza tupa karibu na bunduki, nitalirudia. Mwindaji anayelalamika kwamba kifyatulio chake ni kizito kwa kawaida hasumbuliwi na uzito, yaani nguvu inayohitajika kukivuta, bali na mkwaruzo: kidole kinavuta, chuma kinaburuzika juu ya chuma, kinakwama, kinaburuzika tena, na risasi inatoka wakati shabaha imekwisha kuyumba. Kifyatulio cha kilo 2 kinachoachia mara moja, kama uzi unaokatika, kitamfaa kuliko cha kilo 1 kinachosuasua.

Basi mtu huyu hufanya nini? Hufungua bunduki, hulitafuta lile jino dogo linaloizuia pini ya kufyatulia, ile inayoigonga risasi, na kuanza kulisugua. Asichokijua ni kwamba mara nyingi ugumu wa jino hilo uko kwenye ngozi nyembamba ya juu tu, na ngozi hiyo ikishatoboka, chuma laini cha chini huanza kulika kila bunduki inapofyatuliwa. Siku ya kwanza atafurahi, na hapo ndipo penye hatari. Niliwahi kuletewa bunduki ya namna hiyo, nikaambiwa imekuwa "tamu sana". Nikaifunga bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kwa nguvu kidogo, chemba ambamo risasi hukaa ikiwa tupu, na pini ikaruka yenyewe bila kidole changu kugusa chochote. Mwenyewe alikuwa ameibeba porini msimu mzima.

Najua mtaniambia kwamba walenga shabaha wa mashindano hutumia vifyatulio vya gramu chache tu. Ni kweli, lakini wao hujaza risasi wakiwa wametulia, mtutu ukiwa umeelekea kwenye shabaha, ilhali mwindaji hupanda mawe, hujikwaa, na kidole chake huwa kimekufa ganzi kwa baridi.

Muda unanikimbia, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia haraka. Safisheni kwanza, kwa maana mafuta ya zamani hugeuka gundi. Angalieni kama mbao ya kitako imevimba kwa unyevu na kukigusa kifyatulio. Pimeni uzito wa kifyatulio kwa mizani, mvute mara kumi, mtafute wastani. Ikiwa kuna skrubu ya kurekebisha, msivuke kiwango cha mtengenezaji, na ikiwa hakuna, nunueni kifyatulio kizima kinachofaa bunduki hiyo, mumwachie fundi bunduki akifunge.

Baada ya kazi yoyote, hakikisheni chemba ni tupu, kisha fungeni bolti kwa kishindo na mgonge kitako kwa nyundo ya mpira. Mwisho, wekeni kizuizi cha usalama, vuteni kifyatulio, ondoeni kidole, ndipo mfungue kizuizi. Pini ikianguka katika jaribio lolote kati ya hayo, bunduki hiyo haiendi porini.