Konsetina ya bei nafuu ya mazoezi ukiwa ugenini: namna ya kuitafuta na kuipima kabla hujalipa

Karibu mtazamaji. Video hii ni ya mtu anayepiga konsetina tayari, kile kinanda kidogo cha pembe sita cha kuvuta na kusukuma, ila kwa sasa yuko ugenini kwa miezi kadhaa na chombo chake kizuri kimebaki nyumbani. Pengine ni cha zamani na cha thamani, hukutaka kukihangaisha viwanja vya ndege. Vidole navyo vikikaa bure vinasahau. Unatafuta cha mazoezi tu, kwa pesa kidogo, na siku ya kuondoka ukiuze.

Tusianze na bei. Tuanze na mfumo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotupa pesa.

Hapa mezani tuna konsetina tatu. Tazama hii ya kwanza. Ina mkanda unaopita mgongoni mwa kiganja, na kitufe kimoja kwenye dole gumba la kulia, cha kuachia hewa. Hii ni Anglo. Kila kitufe kinatoa nota moja ukisukuma na nyingine ukivuta. Ya pili haina mkanda wa kiganja: kuna kitanzi cha dole gumba, kipande cha chuma cha kuegemeza kidole cha mwisho, na safu nne za vitufe kila upande. Hii ni ya mfumo wa Kiingereza, nota ni ile ile ukisukuma au ukivuta, na skeli inapanda kwa kupishana mkono wa kushoto na wa kulia. Ya tatu ina mkanda kama Anglo lakini vitufe ni vingi na safu ni nyingi: dueti. Nota za chini kushoto, za juu kulia, na kusukuma au kuvuta hakubadilishi nota.

Kwa mbali zinafanana, lakini vidole havihami kutoka moja kwenda nyingine. Mfumo wa Kiingereza ulibuniwa na Charles Wheatstone wa London. Anglo inatokana na kazi ya Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, Ujerumani, mwaka 1834. Kwa hiyo kama nyumbani unapiga Anglo ya C/G, yaani yenye safu ya C na safu ya G, tafuta Anglo ya C/G hata sauti yake iwe mbaya. Ya Kiingereza iliyouzwa nusu bei haitakusaidia kitu, itakuvuruga tu. Wauzaji wa mitumba mtandaoni huandika "konsetina" basi. Omba picha ya kila upande, uhesabu vitufe mwenyewe.

Sasa tuseme ni Anglo. Ishirini au thelathini?

Ya vitufe 20 ina safu mbili kila mkono: ya C, na ya G iliyo karibu na kiganja. Ya 30 inaongeza safu ya tatu upande wa nje, yenye nota za nusu zilizokosekana. Ya 20 ni rahisi zaidi kuipata, na mpya za viwanda vya China huwa kati ya dola 150 na 250 hivi. Lakini haina C-shapu. Ukiwa Ireland hilo ni tatizo, maana nyimbo nyingi za dansi kule ziko kwenye D, na D inaitaka C-shapu. Kwa ya 20 utafanya mazoezi ya nyimbo za G, za C, za E-maina, na zile za A zenye F-shapu pekee. Kwa wiki sita zinatosha. Kwa miezi sita, tafuta ya 30.

Kwenye za 30 za bei ya chini, jina linalofahamika zaidi ni Rochelle, ya kampuni ya Concertina Connection. Ni kubwa mkononi, nzito kidogo, na mvukuto wake mgumu ukiwa mpya, lakini kila nota iko mahali pake. Mpya inavuka dola 400. Uzuri wake ni kwamba kila mpigaji anaijua, hivyo siku ya kuuza hutahangaika. Kwa mfumo wa Kiingereza, ndugu yake anaitwa Jackie. Kwa dueti ya Hayden, mmoja wa mipangilio ya vitufe vya dueti, Elise.

Kabla ya kununua, ulizia kukodi. Uingereza vipo vyama vya wapigaji vinavyokodisha konsetina kwa wanachama wao, na Ireland baadhi ya maduka ya vyombo vya muziki yanafanya hivyo pia. Kaunti ya Clare ndiyo ngome ya konsetina. Ukifika Miltown Malbay mwezi Julai, wiki ya mafunzo ya muziki ya Willie Clancy, wapigaji wamejaa mji mzima, na huko kuuliza hakugharimu kitu.

Ukiwa Durban, angalizo. Konsetina ni chombo cha maskanda, muziki wa Wazulu, na mitumba ipo. Ila wapigaji wengi wa Kizulu humpa fundi kazi ya kuhamisha nota ili zikae kwa mpangilio wao. Kwa mpigaji wa maskanda hapo imekamilika. Wewe uliyezoea mpangilio wa kiwandani utabonyeza C ikutoke nyingine. Si mbovu hiyo, ila si yako. Pima kila kitufe.

Pwani ya Afrika Mashariki, kusema kweli, konsetina ni adimu. Utakayoikuta ni kodiani ya taarab. Lakini fundi wa kodiani wa Zanzibar au Mombasa anazijua ndimi, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyotoa sauti, na nta inayozishika, kwa hiyo matengenezo unaweza kumpelekea.

Haya, umempata muuzaji. Dakika kumi za kupima.

Kwanza, mvukuto. Shika upande mmoja juu kwa mkanda, upande wa pili uning'inie, usibonyeze kitufe chochote, na mkono mwingine uweke chini kuudaka. Hesabu. Nzuri inashuka polepole sana. Ya bei nafuu ikifika sekunde kumi bila kufunguka yote, chukua. Ikidondoka kwa sekunde mbili, inavuja: tazama kona za mikunjo na pale mvukuto unapokutana na fremu. Kona iliyotoboka inazibika kwa ngozi nyembamba na gundi. Mvukuto wa karatasi uliochanika mikunjo mingi, muachie mwenyewe.

Pili, kila kitufe, kusukuma na kuvuta. Vitufe 20 ni sauti 40. 30 ni sauti 60. Usiruke hata moja, na tumia programu ya kutyuni kwenye simu. A iwe hezi 440. Za kale za Uingereza nyingi zilityuniwa juu, karibu 452. Peke yako chumbani ni sawa, ukikaa na wenzako mtagombana. Nota moja ikipotoka senti tano (senti ni kipimo cha programu ya kutyuni, mia moja ni nusu-toni) usijali. Ikipita ishirini sikio litaikataa kila ukiigusa.

Hapa sikiliza vizuri. Kila kitufe kina ndimi mbili, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuvuta. Nota ikinyamaza upande mmoja tu, kosa liko kwenye ulimi wenyewe, mara nyingi ni uzi au vumbi limekwama. Ikinyamaza pande zote mbili, ndimi huenda ni nzima. Kilichokatika ni mfumo wa kitufe, yaani nyenzo au pedi haiinuki. Na ikilia bila kuguswa, pedi haifuniki tundu: springi imechomoka au pedi imebanduka. Nota inayochelewa au kukoroma, angalia kingozi chembamba kinachofunika mwanya wa ulimi, huwa kimejikunja.

Kitufe kinachozama ndani na kisirudi ni ugonjwa wa kawaida wa konsetina za Kiitaliano za bei nafuu. Kimeunganishwa na nyenzo yake kwa kipande cha mpira, na mpira ukizeeka unakauka na kukatika. Kimoja si tatizo. Ila jua kwamba vingine vina umri ule ule, vitafuata. Itumie kushusha bei.

Tatu, kitufe cha hewa. Kikibonyezwa, mvukuto ufunguke na kufunga kimya na kwa wepesi.

Umeinunua na ulimi mmoja umenyamaza? Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Fungua skrubu za pembeni kwa bisibisi inayoingia sawasawa, na kila skrubu ichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la pembe sita, ili irudi tundu lake. Inua polepole. Pitisha karatasi nyembamba kati ya ulimi na fremu yake, ivute kuelekea nchani mwa ulimi, basi. Usiuinue ulimi kwa kisu. Kufunga, kaza skrubu kwa kupishana upande na upande, kidogo kidogo. Ukikaza kwa nguvu unaharibu tundu la skrubu kwenye mbao, na hewa itaanza kuvujia hapo hapo.

Mvukuto mpya mgumu usiulazimishe. Nota ndefu, polepole, dakika ishirini kwa siku, utalainika wenyewe.

Na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kodiani nyingi na konsetina nyingi za bei hii zina ndimi zilizogandishwa kwa nta. Nta ikilainika, ulimi unahama, na hiyo ni kazi ya fundi itakayokula pesa kuliko ulizookoa.