Kichupa cha maji matupu

Haya, imewaka. Hamjambo wapendwa? Leo hamnioni na lile koti langu zito. Nipo Tandika, barazani kwa mama, nimekuja likizo wiki tatu. Huo mlio nyuma yangu ni mihogo ya Mama Salma imeingia kwenye mafuta, mnivumilie.

Tangu niende Göttingen, Ujerumani, kusoma uzamili, mnaniuliza: dada, unasomea nini hasa? Nikijibu mbinu za kisasa za biolojia ya molekuli na seli, mnanipa hongera, basi. Jana mjomba kaniuliza kama nitarudi daktari. Hapana mjomba, mimi sitibu. Ninachojifunza nitakieleza kwa ugonjwa ambao nyumba nyingi hapa Dar zinaujua: selimundu.

Mdogo wangu anayo. Leo alfajiri nimemsindikiza kliniki Muhimbili. Wenye mgonjwa nyumbani mnajua zile usiku: mtoto analia magoti, mama anamkanda kwa maji ya moto, mtu katoka barabarani saa nane kutafuta bajaji. Sisi tumekua hivyo.

Sasa sikilizeni. DNA yetu ni maandishi ya herufi nne tu, A, T, G na C, zimepangwa kama bilioni 3. Kwenye jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kuna mahali pameandikwa GAG. Mwenye selimundu, kwa baba na kwa mama, amerithi GTG. Herufi moja! Kwa sababu yake himoglobini ikipungukiwa oksijeni inashikana nyuzinyuzi, chembe nyekundu inapinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Maumivu yanaanzia hapo.

Mwezi wa pili wa masomo tukapewa sampuli za DNA zisizo na majina, tukaambiwa tutafute nani ana nini. Unavuta kwa pipeti maikrolita 1, tone kama kichwa cha pini, unatia kwenye kichupa, unakipeleka kwenye mashine ya PCR, ya kunakili DNA. Joto linapanda nyuzijoto 95, nyuzi mbili za DNA zinaachana. Linashuka karibu 60, vianzio, yaani vipande vifupi vya kuonyesha pa kuanzia, vinajishika. Linapanda 72, kimeng'enya, yaani protini mfanyakazi, kinanakili. Kipande kimoja kinakuwa viwili, viwili vinne, na mizunguko 30 ikienda vizuri unapata zaidi ya bilioni kutoka kimoja. Mbinu hii aliibuni Kary Mullis mwaka 1983, na ndiyo iliyotumika kupima korona, kile kijiti cha puani.

Halafu unaleta mkasi. Kuna kimeng'enya kinaitwa DdeI, kinakata panaposomeka CTGAG. Pakiwa na GTG, hakioni pa kukata, kinapita. Vipande unavitia kwenye jeli ya agarosi, unawasha umeme: vifupi vinakimbia, virefu vinabaki nyuma, na ukivimulika vinaonekana kama mistari.

Mara ya kwanza nilizima taa, nikamulika jeli, na kichupa cha maji matupu kikaonyesha mstari. Kile hakina DNA ya mtu, kazi yake ni kukukagua wewe. Kikionyesha mstari, umechafua, na majibu yako yote hayafai hata kama yanapendeza. Nilirudia kwa wiki mbili. Nilitupa vimiminika, nikafuta meza, nikabadilisha glavu kila hatua. Wadogo zangu wa kidato cha sita mnaosoma PCB, mashine utafundishwa kwa siku moja. Kukiheshimu kile kichupa ndiyo elimu yenyewe, maana kuna mzazi anasubiri hayo majibu.

Siku maji yalipokaa kimya, sampuli ya tatu ilikuwa na kipande kirefu peke yake, hakikukatwa: selimundu. Nilishika ukingo wa meza. Mama yangu ameambiwa mtaani kwamba mwanawe karogwa. Ameambiwa na watu wazima, mbele yetu. Na mimi nilikuwa nauona ule mstari, unang'aa gizani.

Mtaniuliza habari ya tiba ya kuhariri jeni. Ipo. Mkasi wa CRISPR, wa kukata DNA, ambao wanasayansi Charpentier na Doudna waliutangaza mwaka 2012 umezaa tiba ya selimundu iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Wanachukua seli za mgonjwa zinazozaa damu, wanalegeza breki iliyozima himoglobini ya utotoni, ile ya mtoto akiwa tumboni, kisha wanazirudisha. Kabla ya hapo uboho wake unasafishwa kwa dawa kali sana. Bei Marekani ni dola milioni 2.2. Leo kwenye foleni mdogo wangu kaniuliza, "Dada, na mimi lini?" Nimemwambia ukweli: sijui. Ila vidonge vyake vya haidroksiyurea navyo vinaongeza himoglobini hiyohiyo ya utotoni, kwa hiyo asiviache hata siku moja.

Na ninyi mnaopanga ndoa, nendeni mkapime wote wawili. Mkiwa wabebaji wote, yaani kila mmoja ana GTG moja bila kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa na selimundu. Mjue mapema, ili mtoto apimwe akizaliwa na aanze kliniki mapema, siyo mpaka avimbe vidole.

Huyo mdogo wangu anaita ndani. Nilimwonyesha picha ya jeli kwenye simu, sasa anataka isafishwe aibandike ukutani. Kesho naipeleka Kariakoo.