Madoadoa Usoni mwa Mtoto: Ugonjwa wa Ngozi Unaotupita Kliniki

Matabibu na wauguzi wenzangu, nimeombwa nizungumzie magonjwa adimu ya ngozi. Ni mengi mno, kwa hiyo nitashika moja tu, zeroderma pigmentosamu, ugonjwa wa ngozi kushindwa kustahimili jua. Unaua watoto, na uko karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Ulaya na Marekani hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika milioni. Mayotte, kwenye visiwa vya Komoro, watafiti walieleza mwaka 2011 kwamba ni kama mmoja kwa kila 5,000, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa duniani. Na watu wa Komoro na wa mwambao wetu wameoana tangu enzi za majahazi.

Chanzo ni kurithi. Miale ya jua huharibu DNA ya ngozi ya kila mtu, na seli huirekebisha. Seli za mtoto mwenye ugonjwa huu haziwezi. Mtafiti James Cleaver alilionyesha hilo mwaka 1968. Madhara yanalimbikizana hadi saratani, pengine kabla hajaanza shule.

Sasa, mbona tunachelewa kuutambua? Tumezoea kumtafuta mtoto anayebabuka kwa jua kidogo. Aina iliyoenea Komoro, XPC, mara nyingi haibabui. Mtoto anashinda juani, jioni ngozi ni ileile. Kinachokuja ni madoadoa usoni na mikononi, mara nyingi kabla ya miaka 2, ngozi kukauka, macho kuwa mekundu na kukimbia mwanga. Mama anapewa dawa ya fangasi hapa, dawa ya matone ya macho kule, na hakuna anayeyatazama macho na ngozi kwa pamoja. Inaniuma sana, maana dalili zote zilikuwa mbele yetu. Wapo pia wanaodhani ni ualbino, ilhali mtoto alizaliwa na rangi yake kamili na nywele nyeusi.

Uthibitisho unataka kipimo cha vinasaba, na hospitali zetu nyingi hazina. Msikingoje. Ukishuku tu, mkinge na jua siku hiyohiyo: kofia pana, mikono mirefu, miwani, krimu ya kukinga jua. Kisha mpeleke kwa bingwa wa ngozi. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha fani hii tangu 1992.

Wazazi huwa wazima kabisa, ila wote wawili wamebeba kasoro, na kila mimba ina uwezekano wa mmoja kwa nne wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa huu. Basi mama asiondoke kabla hamjamwambia awalete na wadogo zake mtoto huyo.