Kapu la Nguo Chafu: Anza na Kitako

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Meshaki, na leo tunaongelea kapu la nguo chafu. Kaka, juzi ulinipigia simu umenyong'onyea.

MESHAKI: Sana, dada. Lile la plastiki lilikatika vipini, na lilikuwa la tatu kufa vilevile. Tukakubaliana na mama watoto kwamba sasa basi, tutafute la asili. Nikapata moja zuri, limesukwa kwa mkono, lina mfuniko na maua ubavuni. Nimefika nalo nyumbani, binti yangu akavuta ncha iliyojitokeza, ikachomoka ndefu, inang'aa. Kumbe ni ile mikanda ya kufungia maboksi!

ZUHURA: Plastiki iliyosukwa.

MESHAKI: Na muuzaji aliniambia ni ukindu.

ZUHURA: Pole. Ukindu ni jani la mkindu, kwa hiyo hauna upana mmoja: huku mpana, kule unachongoka. Ukiukwaruza kwa ukucha unahisi nyuzinyuzi zimelala kwa urefu, na ukinusa ndani ya kapu unapata harufu ya majani makavu. Mkanda wa kiwandani upana wake haubadiliki, na mara nyingi una vidoadoa vya mashine vilivyopangana sawasawa.

MESHAKI: Wewe umekulia kwenye ukili, lazima ungegundua palepale.

ZUHURA: Bibi yangu alikuwa akisuka barazani, Pemba. Ukindu mchanga unakatwa, unaanikwa mpaka uwe mweupe, unachanwa, mwingine unachemshwa na rangi. Ndipo unasukwa utepe mrefu, huo ndio ukili, halafu ukili unashonwa kwa kuzungushwa kutoka katikati ya kitako kupanda juu. Kwa hiyo nguvu ya kapu iko kwenye mshono. Sisi tukitazama maua, bibi alikuwa akilipindua kwanza. Kapu huoza kuanzia kitako.

MESHAKI: Kwa nini huko?

ZUHURA: Fikiria chumba cha Dar wakati wa masika. Sakafu ya saruji ina unyevu. Juu umetupia fulana ya jasho na taulo bichi, na unyevu wote unashuka chini, hauna pa kutokea. Wiki mbili tu unaona vidoti vyeusi vya ukungu. Ukungu huo ukihamia kwenye shuka jeupe, utasugua mpaka vidole viume.

MESHAKI: Kwa hiyo nikifika dukani?

ZUHURA: Lipindue. Bonyeza kitako kwa kidole gumba, kisibonyee kama kofia. Liinue kwenye mwanga uone kama mishono imeachana. Kitako cha ukili wa tabaka mbili ni bora zaidi. Halafu tazama vipini: vikishonwa mdomoni pekee vitang'oka, maana nguo za watu watano ni mzigo. Mimi natafuta kipini kinachoshuka ubavuni, kikapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili. Kikiwa cha usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ndiyo kabisa. Makumbi yale yamefukiwa miezi kwenye mchanga wa pwani kabla ya kupondwa na kusokotwa; kamba yake imezoea maji.

MESHAKI: Na tenga la mianzi je? Mimi nayaona yanabeba nyanya, yanabeba kuku, yanatupwa kwenye lori na kushushwa mzimamzima.

ZUHURA: Tenga ni imara, na hakuna linalopitisha hewa kama hilo. Ila mianzi ina wanga, na wadudu wanaupenda. Ukikuta unga laini sakafuni chini ya tenga, wameshaanza kutoboa. Muulize fundi kama mianzi aliiloweka kabla ya kuisuka. Tena zile ncha zinakwaruza, lesi haitoki salama.

MESHAKI: Hapo mama watoto ana jibu lake. Amechukua kanga mbili kuukuu za pamba, akashona mfuko unaoning'inia ndani. Siku ya kufua anautoa na nguo zake, na wenyewe unafuliwa.

ZUHURA: Wifi ameniwahi! Hilo fanyeni hata kwenye kapu la ukindu, mfuko unalikinga na jasho.

MESHAKI: Na vikapu vya Iringa, vile vya majani ya milulu?

ZUHURA: Vizuri, vinasimama vyenyewe bila kulala ubavu. Ukivileta pwani masharti ni yaleyale. Pakacha, lile la makuti, usihangaike nalo, hilo ni la safari.

MESHAKI: Unajua, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nilifurahi kuona vikapu vinarudi sokoni. Lakini chumbani bado nguo tunazijaza kwenye ndoo na viroba.

ZUHURA: Na kapu lenyewe halitaki makubwa. Liweke juu ya vipande viwili vya ubao, hewa ipite chini. Taulo bichi lianze kwenye kamba, likikauka ndipo liingie. Mara mojamoja lisugue kwa brashi kavu, lipate jua la asubuhi, kisha lirudi ndani. Jua la kutwa linaufanya ukindu ukatikekatike.

MESHAKI: Na lile la mikanda? Nilitupe?

ZUHURA: Usilitupe, kaka. Liende sokoni, libebe viazi na vitunguu. Litakaa miaka.

MESHAKI: Basi Jumamosi tufuatane. Mimi nitabeba, wewe utapindua.