Sweta la sufu: namna ya kulifua lisirudi

Karibuni tena jamani. Leo ni sweta la sufu. Hili la kijani nimelifuma mwenyewe, lina miaka mitano, na bado nikilivaa naulizwa kama ni jipya. Wengi mnajua nafuma kwa kuuza. Kilichonifanya niwashe kamera ni mteja aliyeniletea masweta yake mawili yamerudi, yaani mtu mzima kayanunua, sasa yanamwenea mtoto wa miaka mitatu. Ananiuliza, "Huwezi kuyavuta?" Siwezi. Likisharudi hivyo, mrithishe mtoto.

Kwa nini sufu inarudi? Ni nywele za kondoo, na kila unywele una magamba madogo mno, huyaoni kwa macho. Ukiweka maji ya moto, sabuni kali, halafu ukasugua, yale magamba yanakamatana na nyuzi zinagandamana. Hapo hakuna cha kuzitenganisha. Kwa hiyo adui ni joto na msuguano vikija pamoja. Msuguano nitausema tena, msinichoke.

Lebo, haraka haraka. Beseni lenye mkono, fua kwa mkono. Beseni lililopigwa alama ya kukata, usifue kwa maji. Duara tupu, ipelekwe kwa dobi ikafuliwe kwa dawa bila maji, yaani dry cleaning. Pembetatu iliyokatwa, usitie dawa ya kung'arisha. Na kwenye sufu hata bila pembetatu usitie, maana dawa ya klorini haing'arishi sufu, inaila. Langu halina lebo, fundi alikuwa mvivu. Fundi ni mimi.

Sasa tandika karatasi kubwa mezani, laza sweta, chora umbo lake kwa penseli kuzunguka pembeni. Mikono, kiuno, yote. Mtaona faida yake baadaye. Mimi natumia magazeti yaliyogundishwa.

Kama rangi imekolea sana, lowesha kitambaa cheupe, kikandamize kwenye mshono wa ndani kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, nguo inachuja, ifue peke yake. Tuendelee.

Maji. Yawe vuguvugu, nyuzi joto 30 hivi. Huna kipimo? Tumbukiza kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Kiwiko kisisikie moto wala baridi. Na changanya maji yako yote kabla sweta halijaingia. Usije ukaanza kumimina maji ya birika juu ya sweta eti yamepoa. Hilo ni kosa la kizembe kabisa, nalijua kwa sababu nimelifanya.

Sabuni ya unga ya kawaida hapana. Nyingi zina vimeng'enya vya kuyeyusha madoa ya damu na jasho, na vimeng'enya havijui kutofautisha damu na sufu, vyote ni protini. Kuna sabuni za maji za sufu, lakini mimi natumia shampuu ya nywele. Nywele ni nywele, ziwe za kichwani kwako au za kondoo. Kijiko kimoja cha chai kinatosha beseni hili. Kijiko kimoja. Povu likijaa utasuuza mpaka jioni.

Koroga maji kwanza, halafu geuza sweta ndani nje, liingize taratibu, likandamize lizame. Hivi. Kandamiza, achia. Kandamiza, achia. Halisugui mtu. Hali...

Ngoja. Ngoja, kuna kitu kimenivuta.

"Shangazi, pete!"

Pete! Mpwa wangu ndiye anayeshika kamera, ana macho huyu. Nimewaambia wateja wangu mara ngapi wavue pete, na mimi mwenyewe nimeingia nayo. Sogea karibu, waoneshe. Mnaona huu uzi umetoka, umekuwa kitanzi? Usiukate! Ukiukata unafungua tundu, na tundu la sufu linakua lenyewe. Likikauka nitachukua sindano ya kushonea, niupitishe uzi urudi upande wa ndani, halafu nivute kidogo kidogo nyuzi za jirani mpaka mvuto ugawanyike. Kwa leo tuuache. Pete hii naiweka huku, mnikumbushe.

Basi liloweke dakika 10 mpaka 15, usilale ukalisahau.

Wakati linaloweka, nizungumzie doa, maana hapa ndipo nilipopata hasara. Huyu hapa ni shahidi wangu, sweta la kahawia. Angalieni kifuani. Gusa, mpwa wangu. Gumu, sivyo? Kama kadibodi. Palikuwa na doa dogo, ukubwa wa kucha. Nikachukua sabuni ya mche na brashi ya kufulia viatu, nikalisugua mpaka mkono ukauma. Doa likatoka, kweli. Na sufu ikagandamana pale pale, duara la ukubwa wa kiganja, halijalainika mpaka leo. Sweta zima zuri, kifuani lina bamba.

Kwa hiyo doa la sufu halisuguliwi. Weka tone la shampuu juu yake, bonyeza kwa kidole, achia, bonyeza. Lisipotoka leo, rudia siku nyingine. Najua mkono wako utataka kusugua, kwa sababu kwenye shati la pamba tunasugua kola na makwapa tangu utotoni. Mikono ina mazoea yake. Ikanye. Afadhali ubaki na doa, doa unaweza kulifunika kwa skafu au kulifumia ua juu yake. Bamba huliondoi.

Muda umeisha. Usilinyanyue sweta kwa mabega! Sufu inanyonya maji mengi, sasa hivi ni zito kuliko linavyoonekana, ukilishika mabegani mikono inarefuka mpaka magotini. Lisogeze kando ya beseni, mwaga maji, likandamize kwenye ukingo. Kisha mikono miwili chini yake, kama unabeba mtoto aliyelala. Weka maji mengine ya joto lile lile, sweta ndani, kandamiza. Mara mbili zinatosha. Nasuuza, nasuuza, hapa mpwa wangu ataruka mbele.

Kukamua pia hapana, ndugu zangu. Kusokota ni kusugua kwa jina lingine. Tandika taulo kubwa kavu, laza sweta juu, kunja taulo na sweta pamoja kama mkeka, halafu... panda juu yake. Ndiyo, kwa magoti. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, naona raha sijui kwa nini. Fungua. Taulo limelowa, sweta limebaki na unyevu tu.

Turudi kwenye karatasi yetu. Funika mchoro kwa taulo jingine kavu jembamba ili uone mistari... haionekani, eh? Taulo langu ni zito. Basi weka mchoro pembeni, upime kwa futi ya fundi. Upana wa kifua, urefu wa mkono, urefu wa mgongo. Laza sweta juu ya taulo, lisukume kwa viganja mpaka vipimo virudi. Likiwa na unyevu linakutii, likikauka limeshaamua. Liache limelala hivyo hivyo, kivulini, penye hewa. Kesho asubuhi ligeuze. Kamba na vibanio, hapana.

Sweta halifuliwi kila likivaliwa. Mimi nafua baada ya mara sita au saba. Katikati naliweka penye hewa usiku mmoja na harufu inaisha. Vile vinundu vya kwapani na ubavuni visikutie haraka ya kufua, wala usivinyofoe kwa vidole, unavuta na nyuzi nzima. Kuna vichana maalumu, ninavyo vya kuuza, na kuna kimashine cha betri. Napenda kichana.

Kulihifadhi: likunje, usitundike. Na lisiingie kabatini chafu, kwa sababu nondo hutaga penye jasho na mabaki ya chakula. Anayekula sufu si yule nondo anayeruka, ni viwavi wake. Ukikuta vitundu, lifunge sweta kwenye mfuko wa plastiki, litie friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Kisha likung'ute. Nguo nyingine za kabati lile zikaguliwe zote, hasa chini ya kola.

Wenye maswali ya sweta lililochanganywa na nailoni, andikeni hapo chini, nitalifanyia video yake. Nikipata uzi wa kijani kama huu nitawaonesha na lile tundu la... siyo tundu, kitanzi. Mpwa wangu, pete nimeiweka wapi?